Kabla Hawajafunga Tena: Kwako Mwenye Mgahawa Mdogo

Jumatano, tarehe 6 Mei 2020, wakati wa alasiri, nilikuwa nimeshachemsha viazi nusu gunia. Rojo la unga lilikuwa tayari kwenye beseni, limetiwa bizari na dania, na karai liko jikoni. Ilikuwa Ramadhani, kumi la pili, na kwa sisi tunaouza futari Mji wa Kale, Mombasa, kumi la pili ndipo mkono unapozoea: unajua ukwaju wa kiasi gani utatosha, unajua kaimati zitaisha kabla ya viazi, unajua nani atamtuma mtoto na sahani na nani atakuja mwenyewe.

Mara simu zikaanza kulia mtaa mzima. Serikali imetangaza: kwa sababu ya korona, kuanzia saa moja usiku ule ule hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale, na Eastleigh kule Nairobi vivyo hivyo, kwa siku 15. Mikahawa na masoko yafungwe.

Viazi vile nilivikaanga nikavigawa vichochoroni Kibokoni, nyumba kwa nyumba. Siku 15 zikaongezwa, na hatukufunguliwa mpaka tarehe 6 Juni, Idi imeshapita. Mwenzangu, kama unauza chakula pwani unajua maana yake. Ramadhani ndiyo inayolipa ada za watoto, ndiyo inayonunua friza, ndiyo inayokufuta madeni ya mwaka.

Naandika haya kwa sababu kufungiwa hakukuja mara moja tu. Machi 2021 Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zilifungwa tena. Ukiona biashara imetulia, ndio wakati wa kujiandaa, na mengi niliyoyajua nimeyajua kwa kuumia.

Kwanza elewa kinachoanza kukuua. Watu hudhani ni ile siku polisi wanapoweka vizuizi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuzama tangu tarehe 27 Machi 2020, kafyu ilipoanza, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Mahamri yanakandwa usiku na kukaangwa saa kumi, ili anayekwenda bandarini au feri ayapate ya moto na mbaazi zake. Binti anayenisaidia anaishi Likoni. Hawezi kutoka kwake kabla ya saa kumi na moja, avuke feri, afike kwangu, tuwashe moto. Kufikia hapo wateja washakunywa chai kwao. Mauzo ya asubuhi yakashuka zaidi ya nusu, lakini kodi ya chumba ilibaki ile ile, na leseni, na marejesho ya mkopo. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungiwa, wageni wa kuja kutazama Fort Jesus wakakatika. Nilipofungwa Mei sikuwa na akiba yoyote, kwa sababu karibu wiki sita nzima nilikuwa nikila mtaji huku nikijiambia kesho itakuwa nafuu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: mauzo yakishuka chini ya nusu kwa wiki mbili mfululizo, usisubiri tangazo. Punguza siku hiyo hiyo. Pika aina mbili badala ya sita. Usinunue gunia, nunua debe. Ningefanya hivyo mwanzoni mwa Aprili, Mei ingenikuta na kitu mkononi.

Sasa nije kwenye msaada wa serikali, maana hapa ndipo wengi tulipochanganyikiwa. Mwisho wa Machi 2020 Rais alitangaza nafuu za kodi. VAT, kodi inayoongezwa kwenye bei ya bidhaa, ikashushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Mfanyakazi anayepata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi hakatwi kodi ya mshahara. Kodi ya mauzo kwa biashara ndogo ikashuka kutoka asilimia 3 hadi 1. Aliyeshindwa kulipa mkopo kuanzia Aprili asiwekwe CRB, yaani kwenye orodha ya walioshindwa kulipa mikopo, kwa miezi sita. Nilisikiliza redioni nikafurahi kweli. Kisha nikakaa chini nikajiuliza: katika haya, lipi linafika kwangu?

Wafanyakazi wangu wawili niliwalipa kwa siku, hawakuwa kwenye hesabu ya kodi yoyote, kwa hiyo ile nafuu ya mshahara haikuwagusa. Kodi ya mauzo sikuwa nimejiandikisha, basi kushuka kwake hakukunirudishia hata shilingi. VAT mimi sikusanyi, niko chini mno ya kiwango cha shilingi milioni 5 kwa mwaka. Ningefaidi tu kama dukani mtungi wa mafuta ya kupikia ungeshuka bei, na kwangu haukushuka. Serikali ilitoa, sikatai. Lakini ilitoa kupitia mabomba ambayo mimi sikuwa nimeunganishwa nayo, na maji hayafiki kwenye nyumba isiyo na bomba.

Si kwetu tu. Binamu yangu yuko Columbus, Ohio, na ana duka dogo la nguo za kina mama. Marekani walitoa mikopo ya kulipia mishahara, PPP, ambayo ukiitumia ilivyoagizwa unasamehewa. Fungu la kwanza la dola bilioni 349 liliisha tarehe 16 Aprili 2020, wiki mbili hazijatimia. Lilipitia benki, na wenye watu wao wa benki wa kuwapigia simu walitangulia. Binamu yangu alikuwa akiweka pesa za duka pamoja na za nyumbani, na alipopata karatasi alizotakiwa, mlango umeshafungwa. Tulilinganisha hadithi zetu kwa simu, yeye Ohio na mimi Kibokoni, zikawa ni hadithi moja.

Kilichonifikia mimi ni vitu viwili ambavyo wala havikuandikwa kwa jina la biashara ndogo. Cha kwanza, kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa mwaka kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa kulikuwa bure. Mteja wa sahani ya shilingi 150 aliyekuwa akisita kukatwa ada akawa anatuma bila kufikiri. Cha pili ni Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa kuwapa vijana vibarua. Vijana wa mitaa ya chini walilipwa kusafisha mitaro na njia. Awamu ya pili ilikuwa shilingi 455 kwa siku. Siku walizolipwa mimi nilizijua bila kuambiwa, kwa sababu mahamri yalikuwa yanaisha saa mbili. Tangu hapo nimeamini kwamba pesa ikitiwa mkononi mwa mteja humfikia mwenye kibanda haraka kuliko nafuu ya kodi. Ukipata nafasi ya kusema kwenye baraza la wadi au mkutano wa kaunti, lisemee hilo.

Lakini hapo kwenye M-Pesa ndipo nilipokosea vibaya. Nilipokea yote kwenye laini yangu mwenyewe. Pesa za sahani, michango ya chama chetu cha kupeana pesa kwa zamu, pesa alizonitumia kaka yangu kutoka Muscat, vyote humo. Desemba 2020 serikali ilipozindua mpango wa kudhamini mikopo ya biashara ndogo kupitia benki saba, nilikwenda kwenye tawi moja na taarifa ya miezi sita. Kijana wa mikopo aliipitia kwa kalamu, ukurasa baada ya ukurasa, akaniuliza kwa upole, “Mama, hapa biashara ni ipi?” Nikaanza kumwonyesha kwa kidole: hii ni sahani, hii ya kaka, hii sikumbuki. Ukurasa wa tatu nikaacha mwenyewe. Fungua namba ya Lipa na M-Pesa ya biashara. Hata kama unauza mihogo ya kukaanga. Miezi sita ya pesa safi za biashara ni karatasi inayosema kwa niaba yako mahali ambapo wewe huaminiki. Na daftari liandikwe kila jioni: umenunua nini, umeuza ngapi, umebaki na nini. Mistari mitatu inatosha.

Kuhusu mkopo, nisikilize kwa makini. Nilikuwa nadaiwa shilingi 84,000 zilizobaki za friza. Benki Kuu ilikuwa imeruhusu mikopo ipangwe upya, nami nikapewa fomu ya kusimamisha marejesho miezi mitatu. Nikatia sahihi nikitokwa na machozi ya shukrani. Sikuuliza swali moja. Marejesho yalisimama, riba haikusimama. Kwa asilimia 13 kwa mwaka, 84,000 huzaa kama shilingi 910 kila mwezi, na zile za miezi mitatu zikapandishwa juu ya deni. Si nyingi, utasema. Kwa mtu anayefungua upya na robo gunia la viazi, 2,730 ni nyingi. Jirani yangu aliuliza, akakubaliwa alipe riba peke yake kila mwezi na deni lisikue. Basi ukipewa nafuu ya mkopo uliza mambo haya kabla ya kushika kalamu: riba inaendelea? Jumla nitakayolipa mwisho itakuwa ngapi? Naweza kulipa riba tu? Waambie waiandike. Na kutowekwa CRB maana yake si kusamehewa deni. Wapo walioelewa hivyo na wakaumia sana muda ulipokwisha.

Mwenye nyumba ni jambo la kuzungumza mapema na kwa adabu. Mimi nilichelewa, nikawa napita njia ya nyuma nisionane naye. Mwezi wa pili wa kudaiwa nikajikaza nikaenda, nikamkuta barazani na kahawa yake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nilidhani umehama.”

Nikamwambia hali yote, pamoja na kiasi nilichonacho. Akanyamaza kitambo. “Mimi nakula kodi hiyo hiyo,” akasema, “lakini chumba kitupu hakinilipi. Nipe nusu, nusu tutaiandika.” Tuliiandika kweli, karatasi ya daftari, kwamba nusu iliyobaki nitailipa kidogo kidogo kwa mwaka mmoja baada ya kufunguliwa. Mtoto wake alishuhudia. Alipofariki mwaka uliofuata, Mwenyezi Mungu amrehemu, ndugu mmoja alikuja kudai kodi nzima. Karatasi ile ndiyo iliyoniokoa.

Chama nacho kitunze. Wanawake kumi na wawili tulikuwa tukipeana kwa zamu. Mei tulipofungwa tulikubaliana zamu zisimame, na kilichokuwemo kinunue unga na mafuta kwa wasiokuwa na kitu kabisa. Kabla ya msaada wowote kufika mtaani kwetu, hicho ndicho tulichokula. Kama mna chama, kubalianeni leo kwa maandishi mtafanya nini siku ya kufungwa, maana siku yenyewe ikifika kila mmoja anavuta kwake.

Na wateja: chukua namba zao. Nilifungua tena tarehe 7 Juni nikiwa na namba 31 tu, na hao 31 ndio walionirudisha. Niliwatumia ujumbe asubuhi, wakaagiza, mpwa wangu akapeleka kwa baiskeli kabla ya kafyu. Sasa ninazo zaidi ya mia tatu, zimeandikwa kwenye daftari pia, kwa sababu simu huibwa.

Karatasi ya mwenye nyumba, leseni ya kaunti, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), daftari la mauzo na ile namba ya Lipa na M-Pesa vimo kwenye bahasha moja ya plastiki juu ya friza. Binti wa Likoni anajua ilipo.