Ukumbini au bustanini? Mama na mchumba wananivuta huku na huku

*Shangazi, shikamoo. Nafunga ndoa Jumamosi ya pili baada ya Pasaka, hapa Dar. Mchumba wangu anataka sherehe kwenye bustani ya ufukweni, Kigamboni. Mama anataka ukumbi Sinza. Harusi ya nje anaiona kama kipaimara. Baba mdogo, mwenyekiti wa kamati, anasema tukiendelea kubishana anajitoa. Wageni ni 250. Nimsikilize nani?*
*Niliyebanwa, Tabata*

Marahaba mwanangu. Isikilize mvua kwanza. Masika ya Dar ni Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo hukolea. Kwaresima makanisa mengi hayafungishi ndoa, kwa hiyo Pasaka ikipita nyote mnakimbilia harusi katikati ya mvua hizohizo. Kwa tarehe yako, nenda ukumbini. Ingekuwa Julai au Agosti ningeandika mengine.

Utaambiwa "tutafunga maturubai". Turubai linazuia mvua ya juu tu. Ile inayosukumwa na upepo wa baharini inaingia ubavuni, na maji ya chini yanazifuata nyaya za jenereta. Mama zako wakubwa wanaingia na zawadi wakicheza, viatu vya mchuchumio, hatua ya tatu kisigino kimezama kwenye tope. Na pilau linapashwa wapi? Ukiongeza hema la maana, sakafu ya mbao, jenereta la akiba na vyoo vya kukodi, hiyo bustani ya bei poa inaweza kuupita ukumbi. (Hata Agosti, mwulize mchumba kama ameangalia mwezi wa angani. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa jioni, na mchanga wote ule wa kwenye picha unakuwa chini ya bahari.)

Ila mama naye asidhani ukumbi wowote ni ukumbi. Nendeni mkauone Jumamosi usiku, una harusi ya watu. Nguzo zinaziba meza kuu? Viyoyozi vinafua dafu watu wakijaa? Umeme ukikatika, jenereta linawaka baada ya muda gani? Ulizeni mwisho ni saa ngapi, mkizidisha mnatozwa nini, na kama mnaruhusiwa kuingia na vinywaji vyenu. Yote yaandikwe kwenye mkataba kabla hamjatoa malipo ya awali.

Barua yako haisemi kwa nini mchumba ameing'ang'ania bustani. Muulize. Vikao vikishajaa wajomba na bajeti, bwana harusi hushika jambo moja lililobaki lake asiliachie. Huenda akaridhika na picha za ufukweni mkitoka kanisani, kama mvua imekata, au chakula cha familia mbili hukohuko Kigamboni mwezi wa saba. Ongea naye wewe mwenyewe, kabla ya kikao kijacho. Akisikia uamuzi huo kwa mwenyekiti, mtaanza ndoa na kinyongo.

Baba mdogo asikunyime usingizi. Kama kadi za michango zimeshatoka na namba yake ya simu, hajitoi huyo.