Sheria Isiyopimika Mlangoni ni Riziki ya Mwingine

Swali la wiki liliuliza: "Wenye baa wa Mombasa wanapopinga masharti ya pombe na sigara, wanatetea nini hasa: uhuru wa mteja au mfuko wao?"

Mfuko, bila shaka. Baa ni duka kama duka jingine, na kila saa inayokatwa ina bei yake. Lakini ukiwasikiliza vizuri wenye baa wa Bamburi, Tudor au Likoni, utagundua kwamba masharti yanayowaudhi zaidi si yale makali. Yanayowaudhi ni yale ambayo mtu aliyesimama mlangoni usiku, mwenye baa au askari, hana njia ya kuyapima. Sharti la namna hiyo humfanya kila afisa kuwa rula yake mwenyewe, na rula hiyo hulainishwa kwa kitu kidogo, yaani hongo.

Chukua saa za kazi. Sheria ya udhibiti wa vileo ya 2010, ile inayoitwa sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, inaruhusu baa ya kawaida kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Jumla ni saa 48 kwa wiki isiyo na sikukuu. Wengi walipiga kelele ilipoanza, lakini leo ni nadra kusikia mwenye baa makini akitaka ifutwe, kwa sababu saa ni saa. Ukutani kuna saa, mkononi mwa askari kuna saa. Malalamiko yaliyobaki ni kuhusu jirani. Hoteli ya ufuoni inaweza kumuuzia mgeni wake aliyelala hapo saa yoyote, ilhali baa iliyo upande wa pili wa ukuta imefunga. Na ukivuka daraja la Mtwapa umeshaingia Kaunti ya Kilifi, yenye ofisi yake ya leseni na msako wake, maana leseni za vileo zilihamia kwa kaunti baada ya 2013. Mteja anayeondolewa Shanzu saa tano hana safari ndefu.

Kufunga saa tano ni kazi inayoanza saa nne. Kosa la kawaida ni mhudumu kukubali oda ya bia nne za mtu mmoja zikiwa zimebaki dakika tano, kisha zote zikafunguliwa kwa mpigo. Saa tano na nusu mtu yule bado ana chupa mbili zilizojaa, na polisi akiingia haoni saa ya kununua, anaona chupa. Baa inayojua kazi yake hutangaza raundi ya mwisho saa nne na dakika 20, hufunga kaunta saa nne na nusu, hufungua chupa moja moja, na bili zote zinakuwa mezani kabla ya saa tano kasorobo. Muziki ushushwe na taa ziwashwe hapo hapo. Hakuna kinachomwondoa mlevi haraka kama taa nyeupe.

Wanaoshindwa na utaratibu huo huteremsha shata na kuwafungia wateja ndani. Hilo ni kosa la leseni, ila hatari yake kubwa ni moto: mlango mmoja, kufuli kwa ndani, jiko la nyama choma linalofuka, na juu ni makuti makavu.

Umri ni jambo jingine ambalo leo linapimika bila shida. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kuuziwa, na hata kuingia. Kwa kuwa kitambulisho cha taifa hutolewa mtu akitimiza miaka 18, kitambulisho chenyewe ndicho jibu. Baunsa hapigi hesabu, analinganisha picha na uso, basi. Sera ya kitaifa iliyozinduliwa Julai 2025 ilipendekeza umri upandishwe hadi 21, na pombe isiuzwe kwenye supamaketi wala ufuoni. Ni sera, haijawa sheria, lakini ukitaka kujua kwa nini wenye baa walishtuka, usiangalie mauzo peke yake. Siku umri ukiwa 21, kitambulisho kinaacha kuwa jibu na kinakuwa swali. Baunsa atasoma tarehe yenye herufi ndogo chini ya taa nyekundu, atoe miaka 21, huku foleni ikisukumana nyuma. Atakosea. Dawa yake ni rahisi na ingefaa kuandikwa ndani ya sheria yenyewe: kibao mlangoni kinachobadilishwa kila jioni, "Aliyezaliwa baada ya tarehe hii haingii", pamoja na tochi. Hapo tarehe mbili zinalinganishwa kwa macho, hesabu haipo.

Sasa tuje kwenye rula mbovu kuliko zote. Sheria inataka baa iwe mita 300 au zaidi kutoka shule ya chekechea, msingi, sekondari au chuo chochote cha walio chini ya miaka 18. Nia ni njema, hakuna mzazi atakayeipinga. Lakini piga hesabu. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 300 lina eneo la karibu hekta 28. Kisiwa cha Mombasa kina takriban kilomita 14 za mraba, yaani hekta 1,400. Maduara 50 yana eneo sawa na la kisiwa kizima, kuanzia Kizingo hadi Makupa. Hebu hesabu chekechea za mtaa wako peke yake, zile za chumba kimoja na ua wa mabati, uone. Kisha uulize: mita hizo zinapimwa vipi? Kwa njia ya miguu kupitia vichochoro, au mstari ulionyooka juu ya mapaa? Kutoka lango hadi lango, au ukuta hadi ukuta? Na chekechea ikifunguliwa mwaka huu kwenye nyumba ya kupanga, mita 120 kutoka kwa baa yenye leseni ya zamani, ni nani anayehama? Kila swali hapo ni mlango wa mtu kuja kunywa soda ya bure. Mwombaji wa leseni mwenye akili hupima mwenyewe kwa utepe au kwa ramani ya simu, njia zote mbili, huchora mchoro wa ukurasa mmoja wenye tarehe, na kuutia kwenye faili la maombi kabla hajaulizwa. Haumwokoi kila mara, ila humlazimisha afisa ataje namba badala ya kukunja uso.

Kelele nitazigusa tu. Kanuni za 2009 za mazingira zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku, kuanzia saa mbili na dakika moja, hata kwa eneo la makazi lililochanganyika na starehe. Bahari ya Nyali ikivuma na maji kujaa inapita kiwango hicho bila spika.

Moshi ndio unaohitaji maelezo marefu, kwa sababu hapa wenye baa wengi wana kosa lao wenyewe. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 ilianza kazi Julai 2008. Haikukataza baa kuwa na mahali pa kuvutia sigara. Ilisema pawe pamezibwa kutoka sakafu hadi dari, hewa itolewe moja kwa moja hadi nje, na pawekwe alama. Anayevuta mahali pasiporuhusiwa anaweza kutozwa hadi shilingi 50,000 au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Kanuni za 2014, zilizopiganiwa mahakamani na kampuni ya sigara ya BAT hadi Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yake 2019, ziliongeza kwenye marufuku baraza na njia za watu zilizopakana na mahali pa umma.

Angalia hilo linavyomkuta mtu wa Pwani. Baa zetu nyingi hazina kuta. Ni nguzo, makuti na upepo. Mwenye baa anaona mbele kuna bahari, anawaweka wavutaji huko, akiamini moshi utaenda zake. Hauendi. Kusi na kaskazi zote huvuma kutoka upande wa maji kwenye ufuo wa Nyali hadi Shanzu, kwa hiyo mwaka mzima moshi wa meza za mbele unarudi ndani, hadi kwa mhudumu wa kaunta asiyevuta. Umande, upepo wa kutoka bara, huja usiku wa manane kuelekea alfajiri, wakati baa imeshafungwa. Mahali panapofaa kwa upepo ni nyuma, upande wa barabara, na nyuma ndiko kwenye baraza na njia ya watu ambako kanuni zinakataza. Kinachobaki ni chumba.

Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye dari ya mita 2.7 kina hewa ya mita za ujazo 32 na kidogo. Ukitaka hewa yote ibadilike mara 15 kwa saa, na hiyo si nyingi kwa wavutaji sita, unahitaji feni ya kutoa hewa inayosukuma karibu mita za ujazo 490 kwa saa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la feni imepimwa bila bomba wala wavu, kwa hiyo nunua iliyozidi hapo. Feni ikae juu, ukuta wa mbali na mlango. Hewa iingie chini, kupitia tundu lenye wavu kwenye mlango au kando yake, la kama sentimita 45 kwa 30. Tundu hili ndilo husahaulika. Fundi anaziba kila mahali vizuri, feni inanguruma, lakini haina hewa ya kuvuta, na kila mlango ukifunguliwa wingu lote linamwagikia ukumbini. Kosa la pili ni kufunga feni ya inchi 10 halafu kuiunganisha na bomba la inchi 4 lililobaki kwenye kazi ya choo. La tatu, na ndilo kubwa, ni kuweka eyasi (kiyoyozi) ya ukutani na kuamini kwamba kazi imekwisha. Eyasi ya ukutani haitoi hewa nje. Inaipoza ileile na kuizungusha, moshi na vyote vyake.

Kupima hakuhitaji mashine. Washa kijiti cha udi, simama nje ya mlango ukiwa wazi kidogo na feni ikizunguka. Moshi wa udi ukiinama kuingia chumbani, chumba kinavuta. Ukisimama wima au kuelekea ukumbini, hujamaliza kazi. Rudia kila mwezi, kwa sababu lami ya sigara ikichanganyika na chumvi ya bahari huganda kwenye wavu kama asali, na feni iliyokuwa na nguvu Januari inapepea tu ifikapo Aprili. Vinywaji visihudumiwe ndani ya chumba hicho. Mteja aje na glasi yake. Anayesafisha aingie nusu saa baada ya mvutaji wa mwisho, feni ikiwa bado inazunguka.

Halafu kuna yule mchuuzi wa mlangoni mwenye sigara moja moja, peremende na kiberiti. Sheria inataka sigara ziuzwe kwa pakiti isiyopungua kumi. Wenye baa wengi humvumilia kwa sababu anawaletea wateja, na siku ya msako anatoweka na boksi lake huku vipisi vikibaki kwao.

Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017. Januari 2024 mahakama ya Shanzu iliwaachilia watu 48 waliokamatwa, ikisema taratibu za kuipitisha kanuni ile Bungeni hazikufuatwa. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ikashikilia kwamba marufuku ipo palepale. Baa iliyorudisha maburuma kwa kutegemea habari ile ilicheza kamari na leseni yake. Na chumba nilichokieleza hapo juu hakiifai shisha hata kidogo: makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wanakaa nayo saa nzima.

Kuhusu pombe bandia, hapa wenye baa na serikali wako upande mmoja, ingawa hawapendi kukiri. Stempu ya ushuru kwenye chupa inakaguliwa kwa simu kupitia programu ya Soma Label ya KRA, mamlaka ya mapato, na wakati wa kuikagua ni kabla ya kumlipa msambazaji, kreti zikiwa bado kwenye gari. Kagua chupa ya katikati ya boksi, si ya juu, maana ya juu huwa imepangwa uione. Upande wa pili wa mzunguko ni chupa tupu. Anayejaza pombe ya ovyo anahitaji chupa halisi yenye lebo safi, naye huinunua mlango wa nyuma wa baa halali, kwa kijana wa usafi, bila bosi kujua. Kwa hiyo chupa za pombe kali zikimalizika zisikae uani hadi asubuhi. Stempu ikwaruzwe kwa kisu, lebo ichanwe, shingo ivunjwe ndani ya gunia, na hesabu ya chupa zilizovunjwa ilingane na ya zilizouzwa kabla ya funguo kukabidhiwa.