Ogopa Rundo Kuliko Majani Marefu: Ushauri kwa Wanaofyeka na Kutunza Bustani

Muulize kibarua yeyote wa kufyeka atakutana na nyoka wapi, atakuonyesha majani marefu. Kuna ukweli ndani ya jibu hilo. Lakini mimi nafanya kazi ya bustani pande za Kigamboni na Bagamoyo, na ninachokiogopa zaidi ni rundo la majani yaliyokwisha kufyekwa. Kwenye majani yaliyosimama, nyoka wengi huhisi mtikisiko wa miguu na kwanja mapema, wakaondoka kabla hujafika. Rundo lililoachwa pembeni ya uzio usiku kucha lina joto na giza. Panya na mijusi huingia humo, na nyoka huwafuata. Asubuhi anakuja mtu, anainama, analikumbatia kwa mikono miwili ili alitupe kwenye toroli.

Mwenzangu aling'atwa hivyo hivyo, masika, Bagamoyo. Majani yalifyekwa jioni, mvua ikanyesha, kazi ya kuzoa ikasogezwa kesho yake. Alipoingiza mkono chini ya rundo alidhani amechomwa na mwiba. Akavuta mkono, na majani yalipoporomoka tukamwona kifutu, ambaye wengine wanamwita bafe: mfupi, mnene, kichwa kipana, mgongoni ana alama za V zilizofuatana, kahawia na njano iliyofifia. Hakukimbia. Alijivuta taratibu kwa mstari ulionyooka, bila kupindapinda, hadi akaingia chini ya michongoma. Muda si mrefu mkono wa mwenzangu ukaanza kuvimba na pete ikawa inambana kidole. Nitarudi kwenye yaliyofuata, maana huko hospitali kuna mambo ambayo kila mfyekaji anapaswa kuyajua kabla hajashika kwanja.

Kifutu ndiye nyoka anayenipa wasiwasi kuliko wote kazini. Koboko ana sumu inayoua haraka zaidi, lakini koboko akipata njia huondoka zake. Kifutu hategemei mbio, anategemea kufanana na majani makavu. Analala palepale mpaka umkanyage au umguse. Ukimkaribia hupuliza kwa nguvu, na sauti hiyo imewaokoa watu wengi, ila ukiwa na mashine inaunguruma begani na masikio umeyaziba, hutaisikia. Ndiyo maana kwenye kona zenye majani makavu mimi huzima mashine, navua vizibo vya masikio, nasogea na reki kwanza.

Basi, jambo la kwanza ninalowaomba wenzangu: majani yazolewe siku ileile yalipofyekwa. Kama jioni imewakuta, yaacheni yametandazwa, msiyakusanye. Majani yaliyotandazwa hukauka na hayampi nyoka pa kujificha. Na kama rundo limeshalala, liguseni kwa reki au uma wa mpini mrefu, mkianzia juu, mkivuta kuelekea pembeni na kamwe si kuelekea miguuni mwenu. Mikono iingie baada ya macho kuona chini.

La pili ni mpangilio wa kufyeka, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sijaona watu wengi wakilizungumzia. Wafyekaji wengi huanza kwenye uzio, wakazunguka kiwanja, duara baada ya duara kuelekea ndani, mpaka katikati panabaki kijisehemu kidogo cha majani. Kila kilichokuwa na uhai kiwanjani kinakuwa kimesukumwa humo: panya, vyura, kenge wadogo, na nyoka. Yule anayefyeka kipande hicho cha mwisho ndiye anayekutana nao wote, wakiwa wamebanwa na hawana pa kwenda. Nyoka aliyebanwa si yule aliyekuwa akijiondokea. Sisi tunaanzia upande wa nyumba, tunakwenda kwa mistari kuelekea upande wenye pori au uwazi, ili kila kiumbe kiwe na njia mbele yake. Kiwanja kikiwa kimezungukwa na ukuta pande zote, tunafungua geti na kuuacha upande wa geti uwe wa mwisho. Na vibarua wakiwa wengi, tunakwenda kwa mstari mmoja, hakuna mtu kuanza upande wa pili akitukabili.

Muda nao una uzito. Sipendi kuanza kabla ya saa mbili asubuhi, majani yakiwa bado na umande na mwanga hafifu. Na jua likianza kuzama, vyombo vinawekwa chini hata kama kimebaki kipande. Kifutu hutembea zaidi usiku, na giza linapoingia ndipo anapoanza kuhangaika kutafuta panya. Kabla ya kufyeka napita kiwanja kizima na fimbo ndefu, nagonga ardhi, natazama. Nyoka hana sikio la nje, lakini mtikisiko wa ardhi humfikia kupitia mwili na taya. Pita hiyo pia inakuonyesha mawe, vyuma na chupa ambazo mashine ingezirusha, kwa hiyo haipotezi muda hata kidogo.

Sikilizeni ndege. Shore wakikusanyika kwenye mti mmoja, wakapiga kelele bila kukoma huku wakirukaruka kuzunguka tawi moja, simama utazame. Mara nyingi kuna nyoka pale. Huku pwani nyoka aitwaye mamba wa kijani hukaa kwenye miembe, mikorosho na minazi, na hujificha vizuri kwenye ua lenye majani mengi. Ukipogoa, tikisa kwanza matawi kwa fimbo ndefu, subiri, kisha ndio upeleke mkasi. Usipande ngazi kuingiza kichwa kwenye majani ambayo hujayatikisa. Watu hubishana kama nyoka fulani wa kijani ni ukukwi asiye na madhara au ni mamba. Ubishi huo hauna faida kwa mtu aliye juu ya ngazi. Shuka, sogea, mwache aende.

Mabati ya zamani, matofali yaliyopangwa, mbao zilizobaki baada ya ujenzi: hivyo ndivyo vyumba vya kulala vya nyoka kwenye viwanja vya mjini. Bati linainuliwa kwa kulabu au ncha ya jembe, ukingo wa mbali unyanyuke kwanza na lifunuke kuja upande wako. Kwa namna hiyo bati linabaki kati yako na kilichoko chini yake, na nyoka akitoka anatokea upande wa pili. Nilikuwa na kijana mmoja akijifunza kazi, tukiwa Kigamboni, akafunua bati kwa namna hiyo na kuniita kwa sauti ya chini: "Kaka, njoo uone." Nikamwambia, "Usisogee mbele. Liachie taratibu, rudi nyuma." Akafanya hivyo. Alikuwa swila, amejiviringa, shingo imeanza kutanuka. Tulikaa mbali, tukaacha upande wa pori wazi, na baada ya muda akaondoka mwenyewe.

Swila wa kwetu wapo wanaotema, na hulenga macho. Sumu inaweza kufika mita mbili au zaidi. Miwani ile ya plastiki tunayovaa kuzuia mawe ya mashine inazuia na hiyo sumu, basi isikae mfukoni. Ikikupata machoni, osha kwa maji safi mengi, yakitiririka, dakika 15 au 20 bila kusitasita, fumbua kope hata kama inauma, usisugue, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Sumu hiyo ikiachwa huweza kuharibu jicho moja kwa moja.

Kuhusu mavazi sina mengi. Gambuti, suruali nzito isiyobana, glavu za ngozi. Sehemu kubwa ya watu wanaong'atwa hupatwa kuanzia goti kwenda chini, na gambuti la shilingi chache linakinga eneo hilo. Asubuhi lipindueni na kulikung'uta kabla ya kuingiza mguu, maana hata nge na tandu hulipenda.

Mafuta ya taa, oili chafu, chumvi na vitunguu saumu vinavyomwagwa kuzunguka nyumba havimzuii nyoka. Oili chafu inaua ukoka na kuharibu udongo, na hilo nimelisafisha mara nyingi. Kinachomwondoa nyoka ni kuondoa chakula chake na maficho yake: pumba za kuku zifunikwe ili panya wasije, ukoka uwe mfupi, michongoma ipunguzwe chini mpaka uone ardhi.

Kumuua nako sikushauri. Wengi hung'atwa wakijaribu kumpiga kwa jembe. Hata ukimkata, au mashine ikimkata bila kukusudia, kichwa kilichotengana na mwili kinaweza kuendelea kung'ata kwa muda. Usikiokote kwa mkono, kizikwe kwa kutumia koleo.

Sasa turudi Bagamoyo. Jirani mmoja alikuja na kipande cha mpira wa baiskeli ili tufunge mkono, mwingine akakimbilia jiwe jeusi. Walikuwa na nia njema, na tuliwashukuru, lakini tulikataa vyote. Sumu ya kifutu inaozesha nyama. Ukifunga kiungo kwa nguvu unaikatia damu sehemu ambayo tayari inashambuliwa, na wapo watu waliopoteza mikono na miguu kwa sababu ya kamba. Jiwe jeusi ni mfupa uliochomwa, halifyonzi sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Kuchanja kwa wembe na kunyonya kwa mdomo ni hivyo hivyo. Tulichofanya: tulimvua pete kwa sabuni kabla uvimbe haujaizidi, tukamvua saa, tukaufunga mkono na ubao kwa kitambaa bila kukaza ili usitikisike, tukamkalisha na kumwambia asitembee. Gari likaja. Hatukumtafuta yule nyoka, kwa sababu daktari hutibu kwa kufuata dalili anazoziona. Picha ya mbali inasaidia, nyoka mzima au mfu kwenye gari hasaidii.

Zahanati ya kwanza haikuwa na dawa ya sumu ya nyoka. Tukaondoka kwenda hospitali nyingine huku uvimbe ukipanda kwenye kiwiko. Huko waliipata, wakamwekea kwenye mshipa kwa dripu huku wakimwangalia. Alipona. Kidole kimoja hadi leo hakikunji sawasawa.

Dawa hiyo si sindano ya kununua dukani na kuiweka kwenye friji ya nyumbani. Hutengenezwa kwa kumpa mnyama, mara nyingi farasi, sumu kidogo kidogo, kisha kuchukua kinga iliyojengeka kwenye damu yake. Inaweza kumletea mgonjwa mzio mkali, na mara nyingi huhitajika chupa kadhaa, ndiyo maana hutolewa penye daktari na vifaa. Tena inaadimika. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi Pasteur ya Ufaransa iliacha kutengeneza Fav-Afrique, iliyofaa kwa nyoka wengi wa Afrika, na akiba ya mwisho ikapitwa na muda mwaka 2016. Zipo nyingine, lakini iliyotengenezwa kwa sumu za nyoka wa India haitegemewi kwa kifutu wa Bagamoyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 5.4 hung'atwa na nyoka kila mwaka, kati ya 81,000 na 138,000 wakafa, na wanaobaki na ulemavu au kukatwa viungo ni kama mara tatu ya hao. Wengi wao ni wakulima na vibarua wa vijijini, watu wa jembe na kwanja kama sisi.

Msidharau jeraha lisilouma, vilevile. Sumu ya koboko na mamba wa kijani huweza kuanza na kope kulegea, ulimi kuwa mzito, kumeza kwa shida, kisha pumzi, bila uvimbe mkubwa. Yupo pia nyoka wa miti mwenye macho makubwa, boomslang, ambaye sumu yake inaweza kukaa saa nyingi kabla ya kuonekana, kisha damu ikaacha kuganda. Septemba 1957 mtaalamu wa nyoka Karl Schmidt aling'atwa huko Chicago na boomslang mdogo. Aliona ni jambo dogo, akaenda nyumbani. Kesho yake alifariki. Ukiumwa na nyoka yeyote usiyemjua, hospitali ni lazima, na ukae huko mpaka daktari aseme.

Kwa hiyo kabla ya kupatana bei ya kiwanja chenye pori, mimi hupiga simu hospitali ya karibu na kuuliza swali moja: mna dawa ya sumu ya nyoka leo? Wakisema hapana, nauliza ya karibu iko wapi. Namba naiandika kwenye simu ya kila kibarua, pamoja na ya dereva wa bodaboda au bajaji aliye jirani. Nanyi wenye nyumba, mama zangu na baba zangu, mkiita kijana aje kufyeka, mwulizeni kama ana gambuti. Kama hana, mnunulieni au mwazimeni kabla hajaingia kwenye majani yenu. Na mkubaliane mapema ni nani atakayelipa gari siku likihitajika.