Nyuzi za faiba: namba ipi ya forodha?

Ndugu yangu wa Mkokotoni, umeuliza faiba ya boti iandikwe forodhani kwa namba ipi. Wakala wako wa forodha asikupeleke sura ya 54, ya nyuzi za nguo za kiwandani, kwa sababu tu bidhaa inaitwa uzi. Sehemu ya nguo kwenye mfumo wa HS, yaani orodha ya kimataifa ya namba za bidhaa forodhani, inazitoa nje nyuzi za kioo waziwazi. Faiba ya kutengenezea boti ni kioo, kwa hivyo kichwa chake ni 70.19, hata ikija kwenye bobini kama uzi wa cherehani.

Kazi iko kwenye tarakimu za mwisho. Vipande vilivyokatwa, visivyozidi milimita 50, ni 7019.11. Rovingi, yaani nyuzi nyingi zilizolazwa pamoja bila kusokotwa au zikasokotwa kidogo sana, ni 7019.12. Uzi uliosokotwa ni 7019.13. Lakini kwa ulivyoeleza, mafundi wako wanataka ule mkeka mweupe wa kubandika kwenye bodi ya boti. Huo si uzi tena: ukishikwa kwa gundi ni 7019.15, ukishonwa ni 7019.14. Namba hizi za mikeka zimekuja na HS ya mwaka 2022, kwa hiyo wakala anayetumia orodha ya zamani atakuharibia.

Rezini, ile gundi ya maji ya kulowesha faiba, iandikwe mstari wake. Ikiwa ni ya poliesta isiyoshiba, ni 3907.91.

Mwombe muuzaji karatasi ya maelezo ya kiufundi inayosema uzi umesokotwa au la, na mkeka umeshikwa na nini. Ikiwa bado mnabishana, omba uamuzi wa forodha kwa maandishi kabla mzigo haujafika bandari ya Malindi, Unguja.