Ndugu amekamatwa Texas? Anza na jina lililo kwenye leseni yake

Saa saba na robo usiku simu ya shemeji iliita, bila salamu. "Shem, mdogo wako hajarudi kutoka kazini, na simu yake haipatikani." Huyo mdogo wangu ni mtoto wa mama mdogo, lakini kwetu Tanga watoto wa mama mkubwa na mama mdogo hawaitani binamu. Ni mdogo wangu, basi.

Tulianza na hospitali. Ya tatu ilipotuambia hayupo, mfanyakazi mwenzake akatuma ujumbe: aliliona gari lake limesimamishwa pembeni ya barabara kuu, taa za polisi zikiwaka nyuma. Nikafungua kompyuta, nikaandika jina lake na neno jela kwa Kiingereza. Hapo ndipo nilipopotea kwa saa sita.

Kosa la kwanza liligharimu dola moja, kisha dola ishirini na kitu mwezi uliofuata, maana nilisahau kujitoa. Kurasa za juu kabisa zinazokuja ukitafuta ni za wafanyabiashara. Zinakuonyesha mstari unaojaa taratibu kana kwamba kuna mtu anapekua makabati, mwisho zinakuambia rekodi zimepatikana, lipa uzione. Siku nyingine, kwa hasira tu, niliandika jina la marehemu bibi yangu ambaye hakuwahi kuvuka mto Pangani. Nalo rekodi zake zimepatikana!

Kumbe orodha ya kweli ni ya bure. Hapa Marekani jela ya kaunti, yaani sehemu ya jimbo kama wilaya kwetu, huwa chini ya sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, ambaye karibu kila jimbo huchaguliwa kwa kura, na sherifu wengi huweka mtandaoni majina ya watu waliomo. Ni kama mahabusu ya kwetu: wengi waliomo bado hawajahukumiwa, wengine wanatumikia vifungo vifupi. Gereza la jimbo ni kitu kingine, lina orodha yake. Gereza la serikali ya shirikisho nalo lina yake. Orodha moja ya nchi nzima haipo, ndiyo maana anayekuambia anayo anataka namba ya kadi yako.

Basi swali la kwanza ni hili: yuko mikononi mwa nani? Texas peke yake ina kaunti 254, na miji haijali mipaka ya kaunti. Huku kwetu Dallas na Fort Worth, Grand Prairie imekanyaga kaunti ya Dallas na ya Tarrant, na Carrollton imegawanyika kati ya Dallas, Denton na Collin. Ukivuka taa mbili umebadilisha sherifu. Mimi usiku ule nilikwama kwenye orodha ya Dallas kwa sababu anuani ya nyumba yake ni ya Dallas. Anuani ya nyumba haihusiki. Kinachohusika ni pale alipokamatwa, na kama alikamatwa kwa hati ya zamani ya kukamatwa, basi ni kaunti iliyotoa hiyo hati.

Na yeye ndivyo ilivyokuwa. Taa moja ya nyuma ilikuwa imekufa, askari akapitisha leseni kwenye mashine, ikaibuka hati ya kukamatwa kutoka kaunti ya jirani kwa sababu hakutokea mahakamani miezi kadhaa nyuma. Akalazwa kwenye mahabusu ya polisi wa mji, akisubiri kaunti yenye hati ije kumchukua. Saa hizo zote hakuwemo kwenye orodha ya sherifu yeyote. Mahabusu nyingi za miji hazina ukurasa wa kutafuta, unapiga simu. Na usipige 911, namba ya dharura, tafuta namba ya kawaida ya kituo, uliza kwa adabu kama wanaye mtu mwenye jina hili na tarehe hii ya kuzaliwa. Kwa makosa madogo kabisa ya Texas, yale ya faini tu, mtu anaweza kuishia hapohapo mjini asifike kwa sherifu.

Sasa tuje kwenye jina. Hapa Waswahili tunaumia kuliko watu wengine. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Mmarekani ana kisanduku cha jina la kwanza na cha ukoo. Mtu aliyeandikwa pasipoti ya kwetu kwa majina matatu anaweza kufika jela akiwa na babu kama ukoo, au baba na babu wameunganishwa, au baba amegeuzwa jina la katikati. Tuseme mtu ni Ramadhani: utamkuta Ramadhan, Ramadan, hata Ramadani. Mohamed ana sura nyingi zaidi. Na wapo ndugu zetu ambao viza zao zilitoka na jina moja tu, wakaandikwa FNU mahali pa jina la kwanza, yaani halijulikani. Huyo utamtafuta mpaka kesho kwa jina analoitwa mtaani.

Nilimtafuta mdogo wangu kwa jina tunalomwita nyumbani, na tahajia ya cheti chake cha madrasa. Shemeji ndiye aliyetutoa gizani: alikuwa na picha ya leseni yake kwenye simu, aliipiga zamani walipokuwa wanahamisha bima. Herufi moja tofauti! Tangu siku hiyo kila mtu mzima katika familia yetu amewaachia wenzake picha ya leseni yake. Kama huna picha, andika herufi tatu au nne za mwanzo wa jina la ukoo peke yake, kurasa nyingi zitakuletea wote wanaoanza hivyo. Geuza jina la baba na la babu. Tarehe ya kuzaliwa iweke mwisho, na kwa utaratibu wa hapa, mwezi kwanza. Kwa wenzetu waliokuja kama wakimbizi tarehe haichuji kitu, maana wengi waliandikiwa tarehe 1 Januari.

Kuufikia ukurasa wenyewe, andika jina la kaunti, jimbo, na maneno "sheriff inmate search", halafu ruka matangazo yote ya juu. Usidanganyike kwamba lazima iishie na .gov, kaunti ya Dallas yenyewe iko kwenye .org. Dalili moja nzuri ni kwamba haikuombi hela.

Ukimpata, utaona namba ya kusajiliwa. Iandike kwenye karatasi, kuanzia hapo ndiyo jina lake. Utaona pia shitaka, na dhamana kama imeshapangwa. Ikiwa sehemu ya dhamana iko tupu usipagawe: kwa sheria ya Texas mtu hupelekwa mbele ya hakimu ndani ya saa 48, na kiasi hupangwa hapo. Kusajiliwa nako kunachukua muda, picha, alama za vidole, maswali ya afya, na jina linaweza kuchelewa saa kadhaa kuonekana. Kutokuwemo saa nane usiku si ushahidi kwamba hayupo.

Neno moja ulitazame kwa makini kuliko shitaka lenyewe: "hold" au "detainer". Maana yake kuna wengine wanamtaka. Ikiwa ni uhamiaji, usikimbilie kulipa dhamana kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji, kwa sababu unaweza kulipa kaunti na mtu akatoka kwa mlango wa pili, mikononi mwa uhamiaji. Akishahamishiwa kwa ICE, idara ya uhamiaji inayokamata na kurudisha watu makwao, hutamwona tena kwa sherifu. Wao wana ukurasa wao, unaotaka namba ya A, ile ya uhamiaji inayoanza na herufi A, pamoja na nchi aliyozaliwa, au jina kama lilivyo hasa pamoja na hiyo nchi. Na hapo kuna mtego mwingine: kijana Mkongo aliyezaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma, utajaza Kongo au Tanzania? Jaza kilichoandikwa kwenye karatasi zake, hata kama mama yake anabisha.

Kwa Watanzania, jambo ambalo wengi hatulijui: nchi yetu imo katika zile ambazo Marekani inalazimika kuujulisha ubalozi raia wake akikamatwa, mwenyewe atake asitake. Mkenya huulizwa kwanza kama anataka. Ubalozi hautamtoa mtu jela, lakini unaweza kumtembelea na kuisaidia familia kupata orodha ya mawakili.

Asubuhi, jina lilipoonekana tu, shemeji akapigiwa simu. Sauti nzito, ikajiita afisa wa sherifu, ikataja jina lote, shitaka na namba ya kusajiliwa. Atoe dola 1,500 kwa kadi za zawadi, mume wake atoke saa hiyohiyo. Alikuwa tayari ameshika funguo za gari. Orodha tunayoisoma sisi bure, matapeli nao wanaisoma bure. Sherifu hapigi simu kuomba pesa, na hakuna jela inayopokea kadi za dukani. Kata, kisha piga mwenyewe namba iliyo kwenye tovuti ya jela.

Akipiga yeye kutoka ndani, muulize kala nini, dawa zake kazipata, nani aambiwe kazini. Kesi msiizungumze, hata kwa Kiswahili cha ndani kabisa cha Tanga. Simu zinarekodiwa na wakalimani wapo.

Kesi yenyewe haikai kwa sherifu, iko kwa karani wa mahakama ya kaunti hiyo, na huko ndiko utakakoona tarehe za kufika na mwisho wake. Hilo ni muhimu kwa sababu ukurasa wa jela unasema mtu amekamatwa, hausemi amefanya. Kuna watu kwenye makundi yetu ya WhatsApp hupekua orodha hizi kila Jumatatu wakitafuta majina ya kwetu, wanapiga picha skrini na kusambaza na vicheko. Sina la upole la kuwaambia. Na kama unataka kumchunguza dada wa kulea mtoto au mpangaji, usitumie hizo tovuti za dola moja. Kwa ajira, sheria ya shirikisho inataka kampuni inayofuata taratibu na idhini ya mhusika kwa maandishi.

Ya mdogo wangu ilifutwa baada ya kulipa faini zake za zamani. Alitoka saa tisa na nusu usiku, maana jela huachia watu saa zozote, amevaa fulana, simu imezima, pochi kwenye mfuko wa plastiki. Tulikuwa tumekaa garini tangu saa tatu na chupa ya chai. Picha yake ya jela, ile ya macho mekundu, bado iko kwenye tovuti moja ya kibiashara, na wakili ameshatuma barua mara mbili.