Saa ya unga kuumuka

Kwa wale hawanijui, mimi napika mahamri na mbaazi hapa Kisauni, Mombasa, huu mwaka wa saba sasa. Naamka saa tisa na nusu usiku, nakanda unga na tui la nazi, iliki, sukari na hamira, nafunika sufuria na kitambaa halafu nangojea uumuke, saa nzima hivi, na joto likiwa lile la Februari hata dakika arubaini zatosha. Kisha nawasha jiko, nasukuma, nakata, natia kwa mafuta, na ikifika saa kumi na mbili wenye kuvuka daraja la Nyali kwenda kazini washaanza kuuliza kama yako tayari. Nawaeleza hii ratiba manake yote nataka kusema leo kuhusu kuomba yako ndani ya hiyo saa moja ya kungojea unga.

Hiyo saa kwa miaka nilikuwa naipa simu. Nakaa kwa kigoda jikoni, naweka bando, naanza na WhatsApp kuona nani ameweka oda, nakuja kwa status za watu, naingia TikTok, na hapo sasa ndio basi, nikiinua kichwa unga ushapanda mpaka umesukuma kitambaa na mimi sijamwambia Mungu hata asante kwa kuamka. Nikawa najiambia ntaomba nikimaliza kukaanga. Nikimaliza kukaanga watoto waenda shule. Watoto wakienda kuna vyombo, kuna soko la Kongowea kutafuta nazi na mbaazi za kesho, na usiku nikipiga magoti kando ya kitanda usingizi unanibeba kabla nifike amina. Na jameni mimi ni mtu wa kanisa, naimba kwaya, mtu angeniuliza kama naomba ningemjibu ndio bila kufikiria.

Kilichoniamsha ni jirani yangu. Ni mama mtu mzima, Muislamu, twapakana ukuta, na dirisha la jiko langu laangalia uani kwake. Siku moja alinirudishia bakuli la mbaazi, akasimama mlangoni akaniambia, "Mwanangu, kila nikiamka kutia udhu naiona taa yako yawaka. Mimi husema alhamdulillahi, jirani yangu naye yuamuomba Mola wake." Nikapokea bakuli, nikamwambia amina mama, nikaingia ndani nikakaa chini. Yule mama miaka yote amekuwa akinishukuria Mungu kwa maombi ambayo sikuwa naomba. Taa ilikuwa inawaka ndio, lakini mimi nilikuwa naangalia watu nisiowajua wakicheza muziki.

Nililia siku hiyo, sitaki kuficha. Kesho yake nikaanza.

Kitu cha kwanza nilifanya ni kutoa simu jikoni. Nilikuwa naitumia kama alamu, na hapo ndipo mtego uko, manake ukishika simu kuzima alamu ushaona meseji tatu na mkono ushafungua. Nikanunua saa ndogo ya kutumia betri, simu yalala sebuleni kwa chaji mpaka mahamri ya kwanza yatoke kwa mafuta. Kuna watu wataniambia lakini Biblia iko kwa simu. Yangu pia ipo, naitumia nikiwa kwa matatu, lakini kwa ile saa natumia Biblia ya karatasi, ya kitambo, kurasa zina madoa ya mafuta sasa, na haijawahi kuniletea meseji ya mtu anayetaka mahamri ishirini katikati ya Zaburi. Kama wewe waweza kusoma kwa simu na usivutwe, sawa, kila mtu ajijue. Mimi nilijaribu nikashindwa.

Cha pili, na hiki hakuna aliyeniambia nilikigundua mwenyewe, ni daftari. Ukinyamaza tu kuomba ndio akili inakumbuka kila kitu, nazi zimebaki tatu, karo ya mtoto, yule mteja hajalipa, gesi iko karibu kuisha. Nilikuwa nadhani ni shetani anaingilia, nakemea, na nikikemea nakumbuka vingine. Sai sikemei, nina daftari na kalamu kando ya Biblia, nikikumbuka nazi naandika nazi, narudi kuomba. Saa zingine nikimaliza nakuta nimeandika vitu kumi na mbili, na vyote nshaviombea pia, manake nikikiandika namwambia Bwana hiki nacho kiko kwako. Hizo wiki za kwanza naandika kuliko naomba, usivunjike moyo, baadae akili inatulia yenyewe. Kwenye Zaburi ya 5 Daudi anasema asubuhi atapanga dua yake mbele za Bwana kisha angoje, na hilo neno kupanga nalipenda sana, mimi naelewa kupanga, kila siku napanga mahamri kwa sinia.

Na tafadhali anza na kusifu. Mimi nilikuwa naanza na orodha ya shida moja kwa moja kama mtu ameingia ofisi ya kuomba mkopo. Sai naimba kwanza, sauti ya chini watoto wasiamke, wimbo mmoja ama miwili, na kuna siku nyimbo zamaliza ile saa yote na sijaomba kitu na nainuka nimeshiba.

Wengi huniambia wao wanaomba wakifanya kazi na Mungu anasikia. Ni kweli, mimi pia naomba nikisukuma unga. Lakini fikiria mtu mnayeishi naye nyumba moja, mwaongea mkiosha vyombo, mwaongea mkipitana mlangoni, halafu hata siku moja hamkai mkaangaliana. Huyo mtu mwamjua kweli? Yesu mwenyewe, mtu alikuwa anazungukwa na umati wagonjwa wamejaa mpaka mlangoni, Marko sura ya kwanza inasema aliamka alfajiri bado giza akatoka kwenda mahali pa faragha kuomba, na wanafunzi wakamfuata kumwambia watu wote wanakutafuta. Kama yeye alihitaji kutoka, mimi ni nani niseme naomba nikikaanga na inatosha.

Jumapili ndio ilinigharimu, niseme ukweli. Jumapili watu wako nyumbani, ndio siku nilikuwa nauza zaidi, mahamri mia moja na ishirini kwa bei ya shilingi kumi kila moja, jumlisha na mbaazi. Nilikuwa naenda ibada ya pili nimechoka nanukia mafuta, nakaa nyuma, simu mkononi nikiangalia nani amelipa, na kuna Jumapili nilitoka nje katikati ya meza ya Bwana kupokea simu ya oda. Nikirudi kikombe kishapita. Hiyo niliikumbuka mwezi mzima. Nikafunga Jumapili. Kuna wateja walihamia kwa mwingine na wengine hawajarudi mpaka leo, sitakudanganya ati Mungu alinirudishia mara mbili wiki iliyofuata, hapana, miezi ile ilikuwa migumu na tulikula ugali na sukuma sana. Lakini nilikaa kanisani nikakaa kweli.

Halafu kuna hili ambalo halisemwi, kwamba hata mambo ya kanisa yanaweza kukutoa kwa Mungu. Grupu la kwaya, la kina mama, la harusi ya fulani, la maombi lenyewe, siku nzima ni meseji na michango. Martha kwenye Luka hakuwa anafanya dhambi, alikuwa anampikia Yesu huku dada yake Maria amekaa kumsikiliza, na bado aliambiwa anahangaika na mengi. Mimi kama mpishi hiyo hadithi ilinikasirisha miaka mingi, nani angekula basi kama wote wamekaa? Sai naona hakukatazwa kupika. Mgeni alikuwa ndani ya nyumba na yeye hakuwa amemwangalia usoni.

Nikienda Kongowea napitia Kengeleni. Kila mtu huku anajua hiyo steji lakini wengi hawajui kengele ipo kweli, ya Frere Town, pale walipowekwa watumwa waliokombolewa kuanzia mwaka 1875. Iliwekwa ili majahazi ya wauza watumwa yakionekana ipigwe watu wakimbie. Sasa nikipita hapo huwa nawaza, kengele yao iliwaambia kimbieni msichukuliwe. Ya kwangu ya simu ikilia ndio naenda kuchukuliwa, na naenda mbio.

Sio kila siku nafaulu. Mtoto akiugua usiku kucha, naomba maneno matano nikiwa nimesimama naendelea na kazi, na sijihukumu. Kuna asubuhi nyingine moyo unakuwa mkavu tu, nasoma na hakuna kinachoingia, nakaa hapo hivo hivo mpaka unga uwe tayari.

Mwezi uliopita nilishikwa na homa nikalala mpaka kukapambazuka, sikukanda unga wala sikuwasha taa. Nikasikia mlango wabishwa. Ni mama jirani, na mtandio wake wa kuswalia bado kichwani, amebeba chupa ya chai ya tangawizi. Akaniuliza, "Leo sikuiona taa. Kwema mwanangu?" Nikamwambia ni homa mama. Akaingia, akaiweka chai mezani, akasema basi leo lala, mimi nshakuombea.