Kujiinua kayaki ikipinduka: mikono iache kwanza

Mkuu, umesema ukijaribu kujiinua kayaki ikipinduka nawe ukiwa ndani yake, mara tatu kati ya tano kafi linazama na wewe unabaki chini, halafu unauliza kama dawa ni kujaza misuli au kutafuta kocha. Tafuta kocha. Ukirudia kosa mara mia peke yako, mwili unalishika kosa hilo.

Kafi haliinui kayaki, linakupa tu pa kujishikiza kwa sekunde moja. Kinachoigeuza ni nyonga, pamoja na goti la upande wa bapa (ncha pana ya kafi) linalofagia maji, goti hilo likisukuma sitaha, yaani kifuniko cha juu cha kayaki, kutoka ndani. Ndiyo maana kocha mzuri huanza na kiti kabla ya kafi: makalio yasicheze, mapaja yaguse chini ya sitaha, nyayo zikanyage vizuri. Ukilegea humo ndani, nyonga inazunguka na kayaki inabaki pale pale. Atataka pia kukuona ukitoka chini ya maji: inama mbele, papasa kitanzi cha sketi (kitambaa unachovaa kiunoni kinachoziba tundu la kukalia maji yasiingie), kisukume mbele kisha kivute, ujisukume nje. Hakikisha kitanzi hakijafunikwa na sketi kabla ya kuondoka ufukweni. Watu wazoefu nao husahau.

Halafu inakuja nyonga bila kafi. Kocha anasimama kwenye maji ya kiunoni, wewe unalala ubavu umeshika mikono yake, unairudisha kayaki kwa goti. Hapo ndipo pesa yako inapofanya kazi, maana mikono yake ni mizani: ukimlemea, unanyanyuka kwa mabega. Usiruke hatua hii hata kama inachosha. Mikono yake ikibaki myepesi, anakupa boya dogo, kisha kafi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kichwa. Ukiwa chini unataka hewa, kwa hiyo unakitoa kwanza. Kichwa kina uzito wa kilo nne hadi tano, na ukikinyanyua, bila kujua unavuta goti la upande wa pili; kayaki inarudi ilikotoka. Laza sikio kwenye bega lililo karibu na maji, macho yafuate bapa mpaka mwisho. Kichwa kitoke cha mwisho kabisa, baada ya kayaki kuwa karibu wima.

Hilo la kafi kuzama mara nyingi lina sababu mbili. Ama unaanza kufagia kabla bapa halijafika juu ya maji, ama ukingo wa mbele wa bapa umeinama, hivyo linajichimbia chini kama jembe. Kunja kifundo cha mkono kidogo ili ukingo huo uwe juu, kisha fagia kutoka omo (ncha ya mbele ya kayaki) mpaka kafi lifanye pembe mraba na kayaki. Fagia kwa upana, usikandamize chini. Mwambie kocha alishike bapa alipitishe kwenye njia hiyo huku wewe umeshika mpini. Mkono unaelewa haraka kuliko maelezo. Viwiko vibaki karibu na mbavu. Mkono ukinyooka juu na nyuma ya kichwa, bega linaweza kuteguka.

Kocha anayekutajia makosa manne baada ya kila jaribio, mwombe achague moja. Majaribio kumi hadi kumi na tano kwa siku yanatosha. Mawili yakiharibika mfululizo kwa uchovu, pumzika. Simu ikurekodi kutoka mbele ya omo, video polepole, utaona kichwa kikikusaliti.

Maji tulivu yakishakukubali pande zote mbili, mwombe akupindue bila taarifa, kafi likiwa popote, kisha mhamie kwenye mawimbi madogo. Huko ukikosa mara mbili, toka, shika kayaki na kafi, mwenzako akuokoe.